Mashine Iliyoandikwa Zima

Neno wingu halina sifa nzuri Juba. Likitanda, sisi tunaoishi Gudele tunaanza kufikiria tope, na jinsi mtu wa bodaboda atakavyotushusha katikati ya njia na kutuambia tumalizie kwa miguu. Kwa hiyo mkurugenzi wetu alipotangaza kikaoni kwamba shirika sasa litakuwa na wingu lake binafsi, watu waliangaliana, na mhasibu akauliza kama paa limekaguliwa. Nilicheka mpaka nikatoka nje. Siku zile bado nilikuwa nacheka kazini.

Wingu lenyewe, yaani mahali pa kutunzia faili zetu zote, lilikuwa kontena la chuma nyuma ya ofisi, pale Kator, lenye kiyoyozi kilichodondosha maji kwenye beseni. Ndani mlikuwa na kabati, na kabatini mashine tatu zilizopangwa moja juu ya nyingine. Tuliziita ya juu, ya katikati na ya chini. Zilikuwa zimechoshwa na watu wengine kabla hazijaletwa kwetu. Ndani ya kila moja tulikuwa tumeunda mashine nyingine kadhaa zisizo na mwili, zile ambazo vitabu vinaziita mashine pepe. Kila mashine pepe hujiona kompyuta kamili yenye kazi yake, wala haijui kwamba inaishi tumboni mwa nyingine.

Mwenzangu aliziita mapepo. Tulikuwa wawili tu katika kitengo hicho, mimi na yeye. Mimi nililelewa Nakuru nikasomea kompyuta Nairobi. Yeye alilelewa Uganda, akajifunza kazi hii kwenye kibanda cha kutengeneza simu na baadaye chuoni. Watu wanasema sote wawili tulirudi nyumbani, ingawa nyumbani penyewe tulipaona kwa mara ya kwanza yeye akiwa na ndevu na mimi nikiwa na cheti. Kiarabu cha Juba nilikuwa nakibabaisha. Kwa hiyo kazini tulisemezana Kiswahili, na Kiswahili hicho ndicho kilichokuwa mchezo wetu.

"Leo mapepo iko namna gani?" angeuliza akiingia.

"Mapepo yako, si iko. Hata mapepo yana heshima zao."

"Wewe na Kiswahili yako ya redio. Mimi nasema, dada, na wewe unaelewa. Sasa shida iko wapi?"

Nilielewa kila alichosema, na siku nyingi nilimwelewa yeye kuliko watu wa nyumbani kwangu.

Kazi ya shirika ilikuwa kuunganisha watu waliopotezana vitani. Mtu akiwa kambini Uganda au Kenya, anamtafuta ndugu yake, karani wetu wa huko humketisha mbele ya simu na kumrekodi akisema yeye ni nani: babu yake aliitwaje, kijijini kwao maji yalitekwa wapi, mama alikuwa akiimba nini jioni. Wengi hawakusoma, na hata waliosoma, majina yanafanana mno. Sauti huletwa Juba, inaingia kwenye mashine pepe moja tuliyoiita ya sauti, na simu ya karani hufutwa ili siri za watu zisizagae. Akipatikana huku mtu anayeelekea kuwa ndiye, anaitwa, anakalishwa kwenye chumba kidogo chenye pazia, anasikilizishwa. Yeye ndiye anayesema ndiye au siye. Nimewaona wakitoka pale wakiwa wameshikiliwa kwapani, wa ndiye na wa siye vilevile.

Nje ya geti letu alikaa mama wa chai. Alikuwa na turubai, jiko la mkaa, mabambari manne, yaani vile vigoda vya kusuka, na chai ya tangawizi iliyoniamsha kuliko kahawa yoyote ya Nairobi. Aliniita biniya, msichana, nami nilikuwa nimeshavuka umri huo. Mwanawe wa kiume alimpotea siku walipokimbia, mkono ukamtoka mkononi katikati ya watu. Mtoto alikuwa ameng'oka meno ya mbele tu. Alikuja kuandikisha jina kwetu hata kabla mimi sijaajiriwa, na geti lilipomzoea akaona bora auze chai hapohapo.

Basi mwenzangu, akipitia sauti ambazo hazikuwa na mwenyewe, akakuta moja kutoka kambi ya kaskazini mwa Uganda. Maelezo yalifanana: babu, kijiji, mto. Ilikuwa imekaa kwenye mashine kwa muda. Tulipouliza kambini tukaambiwa kijana huyo ameshaondoka, amefuata wenzake kutafuta kazi, hakuacha namba. Kwa hiyo kilichobaki kilikuwa ile sauti. Kama mama angeisikia akasema ndiye, shirika lingeanza kumsaka kwa nguvu zote. Bila hivyo alikuwa kijana mmoja tu miongoni mwa vijana wengi waliotoka kambini.

Mama alipoambiwa hakupiga kelele. Alifuta mikono kwenye kitenge.

"Mtoto wangu alikuwa na sauti ya ndege," alisema. "Sasa iko sauti ya mwanamume. Mimi sijui hiyo sauti. Lakini nitajua. Atasema kitu."

Wiki hiyohiyo mashine pepe ya sauti ikaanza kuanguka.

Nasema kuanguka kwa sababu hatuna neno jingine. Unaiona iko hai, taa yake ya kijani kwenye skrini, unafungua faili, kisha taa inageuka kijivu na mashine haipo. Inajiwasha upya, inakaa asubuhi nzima bila wasiwasi, na mchana inaanguka tena. Nililaumu umeme. Nikalaumu joto, nikanunua feni nikaielekeza kwenye kabati kana kwamba kuna mtu amezirai. Nikalaumu waya. Mwenzangu alilaumu nyumba ya jirani iliyokuwa ikichomelea vyuma. Mkurugenzi alitulaumu sisi, na kila alipopita dirishani aliuliza, "Wingu limekaaje?" kwa sauti ambayo ningependa kumrudishia na kitu kizito.

Na kila asubuhi, kabla sijashuka vizuri kwenye bodaboda, mama aliuliza, "Ya biniya, makana imeamka?"

Makana ndiyo mashine. Nilijibu kwamba imeamka, na ilikuwa kweli. Ilikuwa imeamka ila haikuweza kukaa macho.

Siku moja niliamua kuijaribu kwa makusudi, nione ni kitu gani hasa kinachoiangusha. Nikachagua faili ya yule kijana kwa sababu ndiyo iliyokuwa ndefu kuliko zote. Nilivaa vipokea sauti, nikabonyeza. Nilisikia upepo, kama wa turubai likipigwa. Halafu mtu akakohoa, kikohozi kifupi kizito cha kusafisha koo, akavuta pumzi. Hapo skrini ikaganda na taa ikawa kijivu. Nilivua vile vipokea sauti nikavitupa mezani, na mwenzangu akaniangalia bila kunitania. Nilikuwa nimemkasirikia mtu, sikujua nani.

Lakini safari hiyo nilijua pa kutazama. Nilisoma logi, yaani kumbukumbu za matukio, za mashine ya chini, ile iliyobeba mashine ya sauti, mpaka macho yakaniwasha, na jibu likawa la aibu. Tulikuwa tumeahidi vitu tusivyokuwa navyo. Kila mashine pepe huahidiwa memori, yaani nafasi ya kufanyia kazi, na aliyeiweka ile mitambo kabla yetu aliahidi karibu mara mbili ya iliyokuwepo, akitumaini kwamba hazitaidai zote kwa pamoja. Asubuhi hazikudai. Mchana kazi ya kunakili faili zote ilipoanza, kila moja ikadai chake. Mashine mama, ile inayozibeba, ikibanwa hivyo hufanya jambo moja: humtafuta aliyebeba kingi zaidi, humuua, ili wengine wapumue. Na aliyebeba kingi zaidi alikuwa daima ile ya sauti.

Nilimweleza mwenzangu. Alikuna shingo.

"Kama serikali," alisema.

"Yoyote," nikasema, maana madirisha yetu yalikuwa wazi.

Kulikuwa na jambo la pili, baya zaidi, na hilo nililigundua nikitafuta la kwanza. Sauti zote zilikuwa kwenye diski mbili za ile mashine ya chini, moja ikiwa pacha wa nyingine ili moja ikifa nyingine ibaki. Moja ilikuwa imeshakufa zamani, kimya kimya, na hakuna aliyejua. Iliyobaki ilikuwa ikizunguka bila kusimama tangu kabla ya sisi kuja. Diski ya umri huo ina tabia moja ambayo kila fundi anaijua na hakuna anayependa kuijaribu: ikiwa inazunguka, huenda ikazunguka mwaka mwingine, lakini ukiisimamisha ikapoa, huenda isianze tena. Na nakala tuliyodhani tunayo haikuwepo, kwa sababu kila siku kunakili kulikatizwa na kule kuanguka, kukaanza upya na faili za zamani. Za karibuni hazikuwa zimefikiwa hata mara moja.

Basi mpango ulikuwa huu. Tulizipunguzia mashine nyingine zote chakula, zingine tukazizima kabisa, ili ya sauti isibanwe. Kunakili kukaanza, na kwa mara ya kwanza mchana ukapita bila kuanguka. Kuliendelea polepole, faili za zamani kwanza, maana tuliogopa kuichosha ile diski kwa kurukaruka, lakini kuliendelea. Tulihesabu kwamba kesho yake jioni kila sauti ingekuwa na nakala yake. Nilikwenda kwa mama wa chai mimi mwenyewe nikamwambia Ijumaa ya wiki inayofuata atasikiliza. Sikuwa na kawaida ya kuahidi. Aliniongezea sukari bila kuniuliza.

Kesho yake mzigo wetu ulifika uwanja wa ndege kutoka Nairobi: memori mpya na diski mpya. Ilibidi niende mimi kwa sababu jina kwenye karatasi lilikuwa langu. Mashine ya katikati ndiyo tuliyopanga kuifungua kwanza na kuiongezea memori, na tayari ilikuwa ikitoa ishara za homa. Ya chini isiguswe kabisa. Nikiwa mlangoni, mkoba begani, nilimwambia mwenzangu, "Weka alama mtu asichanganye. Ya katikati mgonjwa, ya chini nzima."

"Sawa, dada. Mimi nabandika."

Kule uwanjani mambo yalikuwa kama yalivyo siku zote. Dirisha hili linakutuma lile, lile linasema mwenye muhuri ameenda kula. Nilikaa juu ya mzigo wa mtu mwingine nikiangalia ndege ya Entebbe ikishusha watu, wanawake wenye mabegi makubwa ya mistari, mwanamume aliyebusu ardhi kisha akajipangusa mdomo akiona aibu. Nilikuwa na furaha siku ile, naikumbuka vizuri kwa sababu haikunizoea. Nilikuwa nikifikiria Ijumaa, lile pazia la chumba kidogo, na mama akisikia kile kikohozi na kinachofuata baada yake.

Nilivyoelezwa baadaye, ilikuwa hivi. Mkurugenzi alimwita mwenzangu ofisini kwake aje afafanue kwa nini wingu linaanguka, na mbele yake kulikuwa na mgeni wa wafadhili, kwa hiyo maelezo yakawa marefu. Wakiwa huko jenereta likazimika. Kontena likahamia kwenye betri za dharura, na betri zikaanza kulia. Mtu wa jenereta alikuwa mzee kidogo kuliko sisi, amekulia Kitale, mtu mwangalifu asiyepoteza spana. Alikuwa na agizo la mkurugenzi la tangu zamani: betri zikilia, ingia upunguze mzigo, zima mashine moja, zinazobaki zipate kusubiri. Kawaida alituuliza ipi. Siku hiyo mimi sikuwepo, mwenzangu alikuwa nyuma ya mlango uliofungwa na mgeni, na betri zikalia kwa kasi zaidi. Akaingia kontenani, akamulika kabati kwa simu yake.

Ya juu haikuwa na kitu. Ya katikati ilikuwa imebandikwa utepe mweupe ulioandikwa kwa kalamu nene: MGONJWA. Na ya chini ilikuwa na utepe wake: ZIMA.

Nilirudi na mzigo nikawakuta wawili hao wamesimama mbele ya kontena. Jenereta lilikuwa limeshawaka. Hakuna aliyenisalimia.

"Madam," mtu wa jenereta alisema, "mimi nilikuta imeandikwa zima. Nikazima."

"Mimi iliandika iko zima!" mwenzangu alipiga kelele, na sikuwahi kumsikia akipiga kelele. "Zima! Haina ugonjwa! Iko salama!"

"Hiyo ni nzima, buda. Zima ni zima. Hata mtoto wa shule anajua."

"Sasa kwa nini hukuzima ile mgonjwa?"

Yule mtu alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Mgonjwa si huwa hasumbuliwi?"

Niliingia ndani. Ile ya chini ilikuwa kimya, na kimya chake kilisikika kuliko mvumo wa zile mbili. Nilisoma utepe. Herufi zilikuwa nzuri, alikuwa amejitahidi, hata pembe za utepe alizikata kwa mkasi. Ningeweza kumtania juu ya ile herufi moja iliyokosekana maisha yetu yote ya kazi, kama nilivyokuwa nimemtania mara nyingi kwa makosa madogo kuliko hilo. Niliweka kiganja juu ya bati. Lilikuwa bado vuguvugu.

Tuliiwasha sote watatu tukiwa tumeinama. Feni ziliamka, taa zikapita moja moja, na pale ilipopaswa kusikika diski ikichukua kasi tulisikia kitu kidogo kikigonga. Kikagonga tena, kikanyamaza, taa nyekundu. Tuliizima, tukangoja, tukaiwasha. Mwenzangu aliitoa ile diski akaikumbatia ndani ya shati lake apate kuipasha joto, maana alisikia mahali kwamba inasaidia. Mtu wa jenereta alishika tochi. Tulipoirudisha kiligonga vilevile.

Tuliituma Nairobi kwa watu wanaofungua diski kwenye vyumba visivyo na vumbi. Majibu yalikuja mafupi na ya adabu: uso wa diski umekwaruzwa, hakuna kinachosomeka. Nilisoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikasoma tena. Nililia mbele ya mwenzangu na sikujali. Yeye hakulia; alikuwa ameacha kusema Kiswahili tangu siku ile. Aliniandikia ujumbe kwa Kiingereza, akaniita kwa Kiingereza, Kiingereza kilichonyooka kama barua ya maombi ya kazi, na hilo liliniumiza kwa namna yake. Mkurugenzi aliandika kwenye ripoti kwamba kulikuwa na hitilafu ya umeme. Hakuna aliyefukuzwa. Nakala tulizookoa zilikuwa nyingi, na wafadhili walisifu.

Sauti ya yule kijana haikuwemo. Kunakili hakukuwa kumeifikia.

Kilichobaki chake kilikuwa mstari mmoja ambao karani wa kambini alikuwa ameujaza kando, kwenye mashine pepe nyingine iliyokuwa ndani ya mashine ya katikati, ile mgonjwa, ambayo mpaka leo inafanya kazi. Karani naye alikuwa mtu wa Uganda. Alikuwa ameandika: "Kijana natafuta mama yake. Iko zima." Nilimwonyesha mwenzangu. Alisoma, akatoka nje, akakaa kwenye ngazi za kontena mpaka kengele za kanisa kuu zilipolia za mchana.

Ijumaa ile niliyoahidi tulikwenda kwa mama pamoja. Nilimwomba mwenzangu aseme, maana Kiarabu chake kilikuwa bora kuliko changu na habari kama hii haifai kubabaishwa. Alianza vizuri. Alisema makana, akasema malesh, samahani, halafu akakwama na kutazama miguu yake. Nikaendelea mimi, kwa Kiswahili, nikimtazama mama kwa sababu niliona ni haki yake kutazamwa.

"Mama, ile mashine imekufa. Sauti imekwenda nayo. Hatuwezi kuirudisha."

"Kalas?" aliuliza. Imekwisha?

"Kalas."

Alipunguza mkaa. Aliondoa birika, akaliweka chini, akaliondoa tena pale chini akaliweka pengine.

"Alisema nini? Karatasi inasema nini?"

"Inasema anamtafuta mama yake. Inasema yeye ni mzima."

"Hiyo hata wewe unaweza kusema," alisema, bila hasira. "Watu wananiambia iko mzima miaka yote. Mimi nilitaka yeye aseme."

Wateja wawili walikaa kwenye mabambari, wakaona nyuso zetu, wakaondoka. Kisha aliniinamia, akaniuliza lile ambalo sikuwa nimejiandaa kuulizwa.

"Wewe ulisikia?"

"Kidogo sana, mama. Mwanzo tu."

"Sauti iko namna gani?"

Nikasema nzito. Akauliza nzito kama ya nani. Nilitazama barabarani nimpate mwanamume wa kumfananisha naye, na wote waliopita walikuwa wanyamavu. "Alikohoa kwanza," nikasema. "Kabla ya kusema, alikohoa."

"Kohoa namna gani?"

Nilijisikia mjinga. Niko na shahada, na kitambulisho cha shirika kinaning'inia shingoni. Nikakohoa kifupi, nikijaribu kuishusha sauti yangu mpaka kifuani kama nilivyokumbuka. Mama alifumba macho.

"Kaman," alisema. Tena.

Nikakohoa tena. Aliitikia kwa kichwa polepole, mkono juu ya mdomo, akasema marehemu mume wake alikuwa akikohoa hivyohivyo kabla ya kusema jambo kubwa, na kwamba mtoto alikuwa akimuiga hata kabla hajang'oka meno. "Iko yeye," alisema. "Iko yeye." Alimshika mwenzangu mkono, akanishika na mimi, akatumiminia chai.

Shirika halimsaki kijana yule. Kikohozi nilichokohoa mimi si ushahidi, na mkurugenzi, kwa mara ya kwanza, alikuwa sahihi.

Baada ya hapo nilikaa nikasikiliza sauti tulizookoa kutoka kambi ile, ili kuhakikisha nakala ni salama. Ndiyo kazi yangu. Karibu zote zinaanza vilevile: upepo kwenye turubai, kikohozi kifupi kizito, pumzi, na ndipo karani anataja namba na kumkabidhi mwenye habari simu. Ni koo la karani. Nilizisikiliza nyingi, nikitumaini kwamba moja itakuwa tofauti.

Mwenzangu nilimwambia. Alifikiri, kisha akanijibu kwa Kiswahili kwa mara ya kwanza tangu siku ile: "Dada, usimwambie."

Sijamwambia. Kila asubuhi nashuka kwenye bodaboda, nakaa kwenye bambari, na mama, kabla hajaninyooshea glasi, husogeza uso wake karibu na wangu na kusema, "Kaman." Nami nakohoa.